Jiwe la Waliochelewa

Nacheka hata kabla sijaanza, mnisamehe. Kila nikiukumbuka ule mwaka niliokuwa mkuu wa shule, kicheko hunishika mbavu, na wajukuu huniuliza, "Bibi, unacheka na nani?" Nacheka na binti wa miaka ishirini na mitatu, mtoto wa Ngamiani, Tanga, aliyepanda basi pale Mombo na begi moja la nguo na daftari moja la falsafa ya elimu, akidhani anakwenda kuigeuza dunia kuanzia Lushoto.

Shule yetu ilikuwa juu ya mji, njia ya kupandia Magamba. Ilikuwa na madarasa ya matofali, paa la bati, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti kuwa kengele. Nyuma kulikuwa na shamba la shule. Jamani, lile shamba! Kwetu Tanga shamba hulala chini, unalitembelea kwa kanga na kandambili. Lile lilikuwa limesimama, na sikuelewa viazi vilijishikiza na nini. Na baridi ile! Mwezi wa sita nilikuwa naingia darasani na masweta mawili na kanga mbili, watoto wamevaa mashati ya mikono mifupi wananionea huruma.

Nilifundisha mwaka mmoja kwa raha zangu. Kisha mkuu wetu akahamishiwa bondeni. Mkaguzi wa shule akapanda na Landrova yake, akatutazama walimu watano mmoja mmoja, akanikabidhi funguo mimi. Hadi leo sijui aliona nini. Labda kwa kuwa nilitoka chuoni juzijuzi na maneno mapya yote nilikuwa nayo mdomoni. Siku zile maneno yalikuwa ya moto: ujamaa, kujitegemea, elimu ya kazi. Redio iliyasema asubuhi, sisi tukayasema mchana kutwa.

"Unakaimu tu," mkaguzi akanionya. "Nitarudi kukagua kabla muhula huu haujaisha, na nitaanzia shambani. Nikiridhika, nakuthibitisha. Nisiporidhika, nitaweka mtu mzima."

Mtu mzima! Kwani mie nani, kifaranga? Pale pale nikautaka ukuu ule kwa roho yangu yote. Sitaki kudanganya, haikuwa falsafa tupu. Mama yangu alikuwa muuza vitumbua, shule aliipita nje tu akiwa na sinia kichwani. Nilitaka nimwandikie barua yenye mhuri wa mwalimu mkuu, asomewe na majirani. Nilianza kulala na zile funguo chini ya mto.

Na huyo mtu mzima nilikuwa nakaa naye ofisi moja. Alikuwa mwalimu wa hesabu, Mshambaa wa huko huko, mzee wa kanisa la Kilutheri, aliyeanza kazi Mwingereza bado yupo. Fimbo yake ilikuwa laini kwa kushikwa miaka mingi. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake mbele ya wanafunzi, maana ukuu wa shule hauondoi adabu. Naye alinijibu, "Marahaba, Mkuu," na kabla ya hilo neno "Mkuu" alitoa kikohozi kidogo. Kikohozi kile kilinichoma kuliko tusi.

Nikaanza kwa kishindo. Niliomba chokaa na burashi, nikapanda juu ya dawati, nikaandika ukutani kwa herufi kubwa: KAZI NI HESHIMA. Dawati lilikuwa limeinama upande, kwa hiyo na maandishi yakateremka, na "heshima" ikaishia karibu na ardhi. Mzee wa hesabu akayatazama. "Heshima imeporomoka, Mkuu," akasema, akaenda zake darasani. Nilicheka, ningefanyaje?

Chuoni tulifundishwa kwamba kiongozi wa shule asiwe nyapara, awe mwanafunzi wa kwanza. Hayo niliyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu na kuyapigia mistari miwili. Kwa hiyo nikaanzisha baraza la shule kila Jumatatu, watoto wakae kwenye nyasi, waseme lolote, na tukikubaliana iwe sheria kwa kila mtu. "Kwa kila mtu?" mzee wa hesabu akauliza. "Kwa kila mtu," nikasema, kifua mbele. "Mimi na wewe pia." Akakohoa, na safari hii hakukuwa na neno lililofuata.

Jumatatu mbili za kwanza hakuna aliyefumbua mdomo. Ya tatu akasimama msichana wa darasa la sita, binti wa mpasua mbao wa Magamba, mwembamba, miguu imejaa vumbi la mbao. Aliongea Kiswahili chake polepole, kwa ile sauti ya mlimani ya kupanda na kushuka.

"Shikamoo mwalimu. Pale ukutani umeandika kazi ni heshima. Mbona anayechelewa ndiye anayepewa jembe?"

Ilikuwa kweli tupu! Shule zote nilizozijua, tangu ya kwetu nilipokuwa mdogo, ukichelewa unalima, ukipiga kelele unalima, ukikosa hesabu unalima. Kisha Jumatano tunawapeleka hao hao shambani na kuwaimbisha kwamba jembe ni nguzo ya taifa. Nilihisi masikio yanapata moto, halafu furaha ikanipanda ghafla hata nikapiga makofi. Mtoto wa darasa la sita alikuwa ameniuliza swali ambalo wakufunzi wangu wote hawakuwahi kuliuliza!

"Basi kuanzia leo," nikatangaza bila kushauriana hata na kivuli changu, "jembe si adhabu. Anayechelewa, hatalima! Atakaa juu ya lile jiwe akitazama wenzake wanavyopata heshima. Hata nikimwamuru mimi, asishike jembe."

Kulikuwa na jiwe kubwa, bapa, kwenye ukingo wa shamba, chini kidogo ya ukuta wa darasa. Watoto wakapiga makofi mengi sana. Mengi mno, kwa kweli. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini.

"Haraka haraka haina baraka, binti," mzee wa hesabu akaninong'oneza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita binti, nami nikaona ananionea wivu.

Jumatano ikafika. Kengele ya kwanza ikapigwa, ya pili, ya tatu, na shambani walikuwa watoto kumi na wawili. Dakika chache baadaye likatokea kundi kwenye kona ya njia, shule nzima, wanatembea kwa maringo kama watu wa harusi. "Shikamoo mwalimu! Tumechelewa!" wakaimba kwa pamoja, nyuso zinang'aa, wakaenda moja kwa moja kwenye jiwe. Wa kwanza kumi wakakaa, waliobaki wakalizunguka, wakatulia kupokea adhabu yao. Mmoja alikuja na muhindi wa kuchoma kabisa.

Nilijaribu kukasirika, wallahi nilijaribu. Nilikunja uso, nikafungua mdomo nigombe, kikatoka kicheko. Nilicheka mpaka nikashika mti wa kengele. Watoto wakacheka, na mzee wa hesabu akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Lakini magugu hayakucheka na mtu. Jumatano mbili zikapita hivyo, na viazi vikaanza kumezwa. Nikaona barua ya mama inapotea polepole ndani ya magugu yale.

Jumatatu nikawaambia ukweli. Mficha uchi hazai. "Mkaguzi anakuja," nikasema. "Shamba likiwa hivi, mimi si mkuu tena. Nisaidieni, nimekosea wapi?"

Binti wa mpasua mbao akasimama tena. "Mwalimu, nyumbani siku ya msaragambo, watu wakija kumsaidia mtu kulima, mwenye shamba hutangulia yeye. Jembe la kwanza ni lake. Asipotangulia, watu wanarudi makwao. Hapa mwenye shamba hatumwoni."

"Mwenye shamba ni nani?" nikauliza.

Akanitazama kwa mshangao. "Si wewe?"

Kumbe! Miaka yote watoto waliamini lile ni shamba la mwalimu mkuu, kwa kuwa viazi vilipovunwa waliviona vikiingia nyumba ya mwalimu mkuu. Wala hawakuona ubaya. Walikuwa wanamsaidia mtu asiyetangulia kulima, basi. Nilitaka kulia na kucheka. Nikasema shamba ni lao, viazi vitapikwa pale pale shuleni na tutavila sote, na kila kikundi kitakuwa na kipande chake.

"Na wewe kipande chako," sauti ikatoka nyuma.

"Na mimi changu."

Jamani, nilijua kulima? Nilijua kukanda unga wa vitumbua! Jumatano ile nilivaa kanga kiunoni, nikasimama upande wa juu wa kipande changu nikitazama bondeni, nikanyanyua jembe kwa madaha, nikapiga. Jembe likaenda, nami nikalifuata. Nilipita katikati ya viazi vya darasa la nne, nikapita maharage, nikasimamishwa na mgomba mpakani. Kilemba kilibaki kwangu juu. Shule nzima ilikuwa imelala chini kwa kicheko, nami nimelala chini ya mgomba nacheka kuliko wao, naona mbingu na moyo wangu mwepesi ajabu.

Binti wa mpasua mbao akaja kuninyanyua. "Huku unasimama chini, mwalimu, unatazama juu," akanifundisha. "Mlima unautazama usoni." Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekagua kipande changu. Alikuwa mkali! "Rudia hapa," ananiambia, "umefukia magugu, hujayang'oa." Nami narudia. Mwanafunzi wa kwanza ndiye mie.

Na lile jiwe likabadilika. Shamba lilipokuwa lao, kukaa pale ukitazama kwekwe zinapanda kwenye kipande chenu, huku wenzako wanakuimbia wimbo walioutunga wa waliochelewa, ikawa aibu ya kulia. Niliona mvulana mkubwa wa darasa la saba akiikimbilia kengele ya tatu na kiatu kimoja mkononi. Ikafika Jumatano nzima jiwe halina mtu. Shamba likapendeza, mistari imekata mlima toka upande huu hadi upande ule. Hata mzee wa hesabu alichukua kipande, na kilikuwa kizuri kuliko vyote. Mie nikaanza kutunga barua ya mama kichwani.

Habari zikapanda kutoka mjini kwamba mkaguzi atakuja wiki ile, siku haijulikani. Nilikuwa na gauni moja la maana, la buluu lenye kola nyeupe. Jumatatu nikalipiga pasi. Jumanne nikalipiga pasi. Jumatano niliamka ukungu umeingia mpaka chini ya kitanda, makaa yamelowa, pasi haishiki moto. Nikapuliza. Nikasikia kengele ya kwanza. Kola bado imekunjamana. Nikapuliza tena, ya pili. Nilitoka mbio gauni likiwa na joto upande mmoja, na nilikuwa bado hatua ishirini kabla ya lango niliposikia ya tatu.

Watoto walikuwa wamesimama na majembe, wananitazama. Wangeniacha nipite, nina hakika. Ndiyo maana sikuweza kupita. Maji nimeyavulia nguo mwenyewe! Nikaenda na gauni langu la buluu, nikakaa juu ya jiwe. Vikalipuka vifijo ambavyo sijavisikia tena maishani. Wakainama kulima wakiniimbia ule wimbo wa waliochelewa, na mie juu ya jiwe napiga makofi ya kuitikia, furaha imenijaa mpaka kooni.

Hivyo ndivyo mkaguzi alivyotukuta.

Alitokea kona ya darasa, Landrova ameiacha barabarani. Akaona watoto wote wameinama na matope magotini, walimu wameinama, na mwalimu mkuu amevaa gauni la kola nyeupe, amekaa juu ya jiwe, anapiga makofi. Nilimwona akiona.

"Ndugu Mwalimu Mkuu," akasema taratibu. "Mkoloni aliondoka, kumbe alikuachia kiti?"

Nikamwamkia nikiwa nimekaa, nikamweleza: nimechelewa, hii ni sheria, jembe kwetu si adhabu. Nilikuwa naongea haraka na, Mungu anisamehe, kicheko kilikuwa kinanitoka katikati ya maneno kwa hofu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeona anachokiona.

"Sawa," akasema. "Sasa mimi mkaguzi nakwambia: simama, chukua jembe, ulime na watoto. Nione."

Jembe langu lilikuwa limeegemea ukuta, hatua nne tu. Hatua nne na nathibitishwa! Nikatazama shambani. Majembe yote yalikuwa yamesimama. Binti wa mpasua mbao alikuwa ananitazama bila kupepesa, naye alijua ukuu wangu uko hatarini, kwa kuwa niliwaambia wote. Nikiinuka, wangenisamehe. Lakini wangejua kwamba baraza letu ni la siku ambazo hakuna mgeni. Nikalishika jiwe kwa mikono miwili.

"Siwezi, Ndugu," nikasema. "Mpaka kengele ya kumaliza."

Mkaguzi akamgeukia mzee wa hesabu. "Ni kweli anayosema?"

Mzee akajifuta mikono. "Ni kweli. Ni sheria ya kitoto. Lakini ni sheria ya shule."

"Una miaka mingapi kazini?"

"Nilianza Mwingereza yupo."

Mkaguzi akaandika. Akazunguka shamba, akasifu mistari, akaandika tena, akaondoka. Mie nilibaki juu ya jiwe mpaka kengele ilipolia.

Barua ililetwa na kondakta wa basi baada ya siku tisa. Nilishukuriwa kwa juhudi zangu, nikarudishwa kufundisha darasa, na ukuu akapewa mtu mzima. Nililia, sikufichi. Nililia siku nzima ofisini na kamasi juu. Kisha nikanawa, nikampelekea mzee wa hesabu funguo. Alizipokea kwa mikono miwili.

"Baraza la Jumatatu?" nikamuuliza.

"Tutaona," akasema. Fimbo ilikuwa kwapani.

Baraza aliliacha liendelee, lakini alikaa pembeni kimya, na watoto wakaanza kuogopa kusema. Nikawaza, haya, yamekwisha. Ndipo ikaja Jumatano ya mvua. Mzee alikuwa anakaa ng'ambo ya kijito, nacho kilikuwa kimefura. Kengele ya kwanza, hayupo. Ya pili, hayupo. Mpigaji wa kengele akanitazama, mie mwalimu wa zamu. Nikamwambia apige. Ya tatu ikalia, na mwangwi wake haujaisha mkuu wa shule akatokea langoni, koti limelowa, suruali matope mpaka magotini, fimbo mkononi.

Majembe yakasimama. Nani angemwambia mzee wa kanisa, mwalimu wa baba zao? Akatutazama. Akautazama ukuta wangu wenye heshima iliyoporomoka. Halafu akaenda kwenye jiwe, taratibu, akatoa leso mfukoni, akaitandika juu ya maji ya mvua, akakaa. Fimbo akailaza chini.

"Mnatazama nini?" akafoka. "Imbeni!"

Wakaimba! Wimbo wa waliochelewa, wanamwimbia mwalimu mkuu mwenye mvi, mvua inanyesha, na binti wa mpasua mbao ndiye aliyeanzisha. Nilisimama upande wa chini nikautazama mlima usoni, nalima, nacheka, machozi na mvua vinanishuka pamoja. Jioni ile nilimwandikia mama barua ndefu kuliko zote, bila mhuri.

Lakini kabla ya hapo, tukiwa bado shambani, nikasikia mzee ananiita kutoka kwenye jiwe, meno yanagongana kwa baridi.

"Binti, kengele ya kumaliza bado?"

Nikanyoosha mgongo. Nikakohoa kidogo.

"Bado sana, Mkuu."